Kiti cha Plastiki Kwenye Korido

Nyumba ile ilipigwa picha siku ya Jumamosi asubuhi, na picha zilitoka nzuri kuliko nilivyotarajia. Sebuleni palikuwa na kochi refu la kijivu, zulia la sufu, taa tatu zinazoning'inia kila moja na urefu wake, na ukuta mmoja wa vipande vya mbao vilivyosimamishwa wima, ukuta ulioninyima usingizi siku nyingi. Wenye nyumba walishukuru, wakalipa kwa wakati. Picha zile nikaziweka mwanzoni kabisa mwa kabrasha langu la kazi, na kila mteja mpya aliyekuja nilimfungulia hizo kabla ya nyingine.

Miezi saba baadaye niliitwa kurekebisha bawaba ya kabati la jikoni. Sebule niliikuta kimya. Mito ya kochi ilikuwa imesimama vilevile nilivyoisimamisha siku ya picha. Watu wote walikuwa kwenye korido, ile inayotoka jikoni kwenda mlango wa nyuma. Ina upana wa mita moja na robo, na kwenye ramani yangu nilikuwa nimeipa rangi nyeupe, kabati moja na balbu moja ya dari, basi. Mama mzazi wa mteja wangu alikuwa kwenye kiti cha plastiki, mgongo ukutani, anashona kifungo. Wajukuu wawili walikuwa sakafuni na madaftari yao. Mteja mwenyewe ameegemea fremu ya mlango, anaongea na simu.

"Shikamoo bibi. Mbona hamkai sebuleni?"

"Marahaba, mwanangu. Kule kuzuri," akanijibu bila kuinua macho kwenye sindano. "Lakini huku ndiko ninakomwona anayeingia."

Nilifunga bawaba yangu, nikaaga. Njiani sikuwasha hata redio ya gari.

Nimekuwa mbunifu wa mambo ya ndani kwa miaka 19, na watu wakiniuliza nilijifunzia wapi huwa nataja chuo, kwa sababu ndilo jibu linalotarajiwa. Ukweli ni kwamba nilianzia karakana ya seremala, tena si kwa useremala. Niliajiriwa kuandika oda na kufuatilia madeni. Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja asiyependa maneno mengi, na alikuwa na tabia iliyowaudhi wateja wenye haraka. Ukija kuagiza kiti, hakuulizi unataka mtindo gani. Anakukalisha kwanza juu ya vipande vya mbao alivyovipanga sakafuni. Anatazama nyayo. Visigino vikiwa vimenyanyuka, anachomoa kipande kimoja. Magoti yakiwa juu kuliko kiuno, anaongeza kimoja. Akiridhika ndipo anapima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako, ananitajia namba, mimi naandika.

Kwa sehemu kubwa namba zilikuwa zilezile ambazo baadaye nilizikuta kwenye vitabu: kiti cha mezani kama sentimita 45, meza yenyewe 75, na ile 30 inayobaki katikati ni nafasi ya mapaja. Lakini wazee aliwapandishia hadi 48, hata 50, na hakukubali kumtengenezea mzee kiti kisicho na mikono. Nilipomuuliza kwa nini, aliniambia nimtazame mtu wa miaka 70 anavyoinuka kwenye kochi la kisasa. Nikamtazama mmoja wiki hiyohiyo. Alijisogeza mbele mara tatu, akatafuta pa kushika, akakosa, akamshika mjukuu wake begani. Tangu siku hiyo makochi ya chini na laini nayaona kama mtego tu.

Chuoni nilienda baadaye, masomo ya jioni. Kuchora nilijifunzia huko, pia namna ya kueleza wazo mbele ya watu bila kutetemeka, na habari za waliotutangulia. Wawili kati yao sijaachana nao hadi leo, na kila mmoja ananisumbua kwa namna yake.

Wa kwanza ni Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo kutoka Austria. Mwaka 1926 alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za bei nafuu zilizokuwa zikijengwa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na takriban mita 1.9 kwa 3.4, na kigezo chake kimojawapo kilikuwa majiko ya mabehewa ya chakula ya treni. Hatua za mpishi zilihesabiwa, dakika zikapimwa. Ubao wa kupigia pasi unakunjwa ukutani, meza ya kukatia iko chini ya dirisha, kila kitu mkono unakifikia. Yaliwekwa majiko kama 10,000 ya aina hiyo, na kaunta za jikoni unazoziona leo karibu kila mahali ni vitukuu vyake. Kinachonifurahisha ni kwamba mwenyewe alikiri baadaye kuwa kabla ya kulibuni hakuwa amewahi kupika. Alijifunza kwa kutazama na kupima.

Kinachonisumbua ni upande wa pili. Jiko lile lilimtosha mtu mmoja tu. Mama alipunguziwa hatua, sawa, lakini alibaki humo peke yake huku wengine wakiwa upande wa pili wa mlango. Waliolikosoa baadaye walilisema sana hilo. Jioni ile ya korido nilimkumbuka mara moja, maana na mimi nilikuwa nimepima jiko la mteja wangu kwa sentimita nikasahau kuuliza nani hukaa na mpishi anapopika. Watu walikuwa wamejikusanya mahali pa karibu zaidi na jiko palipobaki wazi.

Wa pili ni Eileen Gray, mzaliwa wa Ireland, aliyefanya kazi Ufaransa. Alianza na kazi ya laka, ile rangi ya Kijapani inayopakwa tabaka baada ya tabaka, na hakuwa amesomea usanifu majengo. Lakini kati ya 1926 na 1929, akiwa na umri wa karibu miaka 50, alijenga nyumba inayoitwa E-1027 juu ya miamba ya Roquebrune-Cap-Martin, kando ya bahari, kwa ajili yake na mwenzake Jean Badovici. Meza ndogo ya duara iliyotoka kwenye nyumba ile inajulikana sana: bomba la chuma, kioo juu, na kimo chake unakipandisha au kukishusha. Inasimuliwa kwamba alitaka dada yake aweze kunywa chai ya asubuhi kitandani bila makombo kumwagikia shuka. Ninapoipendea kazi hii ni hapo. Makombo ya mtu mmoja, kwenye kitanda kimoja, yamezaa meza inayotengenezwa mpaka leo.

Gray alipokwisha kuhama, mwaka 1938 na uliofuata Le Corbusier, msanifu majengo aliyekuwa tayari na jina kubwa, alichora michoro mikubwa ya rangi kwenye kuta za nyumba ile. Badovici alimruhusu; Gray hakuulizwa, na alilichukulia kama uharibifu. Chuoni nilikuwa nikimtetea Gray kwa sauti kubwa. Ilinichukua miaka kutambua kwamba kwa ule ukuta wangu wa mbao wima, ambao hakuna mtu katika nyumba ile aliyeuomba, nami nilikuwa nimechora kwenye ukuta wa watu.

Basi nikabadilisha namna ya kuanza kazi. Siku ya kwanza siendi na penseli. Nakwenda saa ambayo nyumba ina watu, naomba kiti, nakaa. Wateja wengine hudhani ninawapotezea muda, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba hakunilipa nije kukaa. Nilimwomba avumilie saa moja. Katika saa hiyo watoto watatu, yeye na mkewe walipita sebuleni, na kila mmoja alizunguka kona ileile ya meza kwa kukata kiuno. Hakuna aliyekuwa analijua hilo. Miili yao ilikwisha kulizoea.

Maswali yangu nayo yamekuwa ya kijinga kidogo. Ukiingia ndani mikono imejaa, cha kwanza unakitua wapi? Simu inachajiwa wapi usiku? Nani anaamka wa kwanza, na akiwasha taa nani anakasirika? Halafu naomba kuonyeshwa kiti cha nguo. Kila nyumba inacho: kiti chumbani kinachobeba zile nguo zilizovaliwa mara moja, hazijawa chafu za kufuliwa wala si safi za kurudi kabatini. Watu hukionea aibu, hukificha kabla sijafika. Mimi nakitafuta, kwa sababu kinaniambia kabati lina kasoro gani. Mara nyingi dawa yake ni kulabu tano sita nyuma ya mlango na wala si kabati kubwa zaidi.

Picha za simu sizikatai. Mteja akija na picha mia mbili alizohifadhi, nazipitia zote, ila namuuliza swali moja kwa kila picha anayoipenda kupita kiasi: saa tatu usiku hapa unafanya nini? Wengi hucheka. Picha hizo hazina nyaya, hazina viatu, hazina mtu anayeumwa mgongo. Mume na mke nawauliza kila mmoja peke yake, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba "mimi sina neno, chochote sawa" maana yake kuna neno kubwa linakuja wiki ya mwisho.

Kabla ya kununua chochote nachora fanicha sakafuni kwa ule utepe wa karatasi wa mafundi rangi. Kochi hapa, meza hapa, kitanda hapa, kwa ukubwa wake halisi, na nawaacha waishi na michoro hiyo siku mbili. Njia ya kupita naipa sentimita 90. Nyuma ya kiti cha mezani natafuta angalau 75 ili mtu asukume kiti na kusimama, zaidi kama kuna mwingine wa kupita nyuma yake. Kwenye karatasi 60 huonekana kubwa. Kuna mama alijaribu kupita kati ya kitanda cha utepe na ukuta akiwa amebeba kikapu cha nguo, akajikuta anatembea upandeupande kama kaa, akaniambia mwenyewe, "Hiki kitanda kipunguze."

Kuhusu rangi na mwanga nina mengi ya kusema, kwa sababu huko ndiko nilikopoteza pesa nyingi za watu, na zangu.

Mwaka wangu wa pili nikijitegemea nilichagua kijivu cha chumba cha kulala kutoka kwenye kadi ndogo ya sampuli, nimesimama dukani chini ya taa nyeupe za mrija. Fundi akapaka mikono miwili ya rangi. Asubuhi kilikuwa kijivu. Jioni mteja alinipigia simu akaniuliza kwa nini chumba chake ni zambarau. Nilikwenda nikabisha, nikawasha taa, nikanyamaza. Kilikuwa zambarau kweli. Tulirudia kuta zote kwa gharama yangu.

Rangi haikai peke yake, na hili hakuna kadi inayokuambia. Kuta nne zinatazamana na kurushiana rangi, kwa hiyo kilichokuwa hafifu kwenye kadi kinakolea chumbani. Dari nyeupe huokota wekundu wa sakafu. Na balbu ndiyo yenye neno la mwisho: ya Kelvini 2700 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga) inaleta unjano wa joto, kwenye 4000 weupe unaanza kuwa mkavu, na rangi ileile huonekana tofauti chini ya kila moja. Kuna na kipimo kingine, kile kinachoonyesha balbu inafichua rangi kwa uaminifu kiasi gani, ambacho kikomo chake ni 100. Chini ya 90 siinunui kwa ajili ya chumba anachovalia mtu au anachopikia. Siku hizi napaka rangi kwenye boksi lililokatwa, kubwa kama gazeti lililofunguliwa, mikono miwili, halafu boksi hilo linahamishwa ukuta hadi ukuta, asubuhi, mchana na usiku taa zimewashwa. Mafundi hunicheka nikitembea na maboksi yangu. Wacheke tu, zambarau sijairudia.

Jambo la pili la mwanga nilijifunza kwa kuchelewa zaidi. Jicho huzeeka: lenzi huwa ya njano na mboni haifunguki kama zamani, na mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho takriban theluthi moja ya mwanga anaoupata kijana wa miaka 20 katika chumba kilekile. Ukibuni nyumba kwa macho yako ya miaka 30, mzazi wa mteja wako unamwachia giza.

Hapo nikaelewa korido. Bibi alisema anataka kumwona anayeingia, na ni kweli, lakini hakunieleza lote, pengine kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Alasiri mlango wa nyuma ukiwa wazi, mwanga unaingia korido yote na kutua mapajani mwake, juu ya sindano. Sebuleni taa zangu tatu za thamani zilikuwa zinamulika zulia.

Yapo mengine ambayo kila aliye kwenye kazi hii anayajua na sitayarefusha. Hesabu soketi kabla ya lipu, si baada ya rangi. Hakikisha mlango hauifuniki swichi ukifunguliwa. Andika kwenye mkataba kilichomo na kisichomo. Kazi moja niliyoianza kwa kuaminiana ilinibana miezi minne ya ziada bila malipo, kwa sababu neno "na vitu vidogovidogo" lilikuwa na tafsiri mbili. Na fundi umeme akikuambia kitu hakiwezekani, mwombe akuonyeshe kwa kidole ni wapi hasa kinashindikana. Nusu ya mara kinawezekana. Nusu nyingine amekuokoa.

Mwaka mmoja baada ya ile bawaba nilimpigia mteja yule simu nikamwomba anipe korido. Alishangaa. Nikamwambia kazi ni yangu, gharama ya fundi ni yangu, yeye avumilie vumbi wiki mbili. Nililing'oa lile kabati nililokuwa nimelijenga mwenyewe mkabala na mlango wa jiko, lenye kina cha sentimita 60, likaacha kishubaka cha karibu mita mbili kwa urefu. Humo tukaweka benchi la mbao lenye droo chini. Sehemu ya juu ya mlango wa nyuma tukaiondoa ubao, tukatia kioo, ili mwanga uingie hata mlango ukifungwa. Fundi umeme alikata ukuta kwa manung'uniko mengi, akaleta waya hadi upande wa bega la kushoto la mwenye kukaa, maana bibi anashona kwa mkono wa kulia na sikutaka kivuli cha mkono wake kiangukie kifungo.

Kimo cha benchi sikukitoa kitabuni. Nilikwenda na vipande vya mbao kwenye mfuko, nikavipanga sakafuni pale pale kwenye korido, nikamwomba akae. Wajukuu walidhani ni mchezo. Nilitazama nyayo zake. Kwenye 46 magoti yalikuwa juu.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza. Akainuka, akakaa tena, akainuka.

"Ongeza kidogo hicho chembamba."

Tukafika 49. Mkono wa benchi tukauweka upande wa mlango, pale mkono wake ulipokwenda wenyewe alipotaka kusimama.

Nilirudi mwezi uliofuata, sikuitwa na mtu. Alikuwa kwenye benchi, taa imewashwa, miguu imetulia sakafuni. Mbele yake, kikibana njia ya sentimita 90 niliyoipigania, kilikuwa kile kiti cha plastiki na kikapu cha nyuzi juu yake. Nikainama nikitoe.

"Kiache," akasema. "Weka kikapu chini. Hicho ni chako ukija."

Nikakaa. Kilikuwa kama sentimita 41, magoti yakanipanda hadi karibu na kifua, na kutoka pale nilimwona vizuri kila aliyeingia.